Najd inaanzia wapi, inaishia wapi?



Mpwa wangu aliyeko chuo aliniandikia hivi majuzi: "Mjomba, kwenye kitabu tunasoma habari za Sultani wa Najd, lakini kwenye ramani sioni nchi inayoitwa Najd. Ilikuwa wapi hiyo?" Kwa kuwa mimi naishi humo humo ndani ya Najd, na gari ninaloendesha linaipita karibu kila wiki, nimeona nimjibu hapa ili na wengine msome. Jibu ni refu. Wekeni chai.

Kwanza tuanze na jina. Kwa Kiarabu najd ni ardhi iliyoinuka. Waarabu wa zamani waligawa nchi yao kwa kufuata umbo la ardhi. Ukitoka Bahari ya Shamu unakuta ukanda wa chini, wa joto na unyevu, huo ndio Tihama. Halafu inasimama milima, na hiyo ndiyo Hijazi, neno lenye maana ya kizuizi, kwa sababu inaitenga Tihama na nchi iliyo nyuma yake. Ukishapanda na kuvuka, ile nchi ya juu inayoendelea mbele yako ndiyo Najd. Sisi watu wa Singida hilo halitupi shida kulielewa. Mpwani wa kwetu naye zamani alihesabu hivyo hivyo: mrima, kisha nyika yenye miiba na kiu, kisha bara. Najd ndiyo bara ya Waarabu. Na kama ilivyo kwetu, watu wa pwani waliwaona watu wa bara kuwa wakavu na wakaidi, na watu wa bara waliwaona wa pwani kuwa wamelegea. Mpaka leo utausikia utani huo kati ya watu wa Jidda na wa Riyadh.

Sasa umbo lenyewe. Msidhani Najd ni meza iliyonyooka. Ni meza iliyoinama. Upande wa magharibi, karibu na milima ya Hijazi, iko juu kiasi cha mita 1,500, halafu inashuka polepole kuelekea mashariki. Riyadh yenyewe iko kwenye mita 600 hivi, kwa hiyo Singida yetu iko juu zaidi ya mara mbili. Ukiendesha kutoka Dammam kwenda Taif huhisi kama unapanda, barabara inaonekana tambarare, lakini injini inajua na mafuta yanajua. Ukifika Taif uko karibu mita 1,900, halafu ghafla nchi inakatika, unashuka kwa zile kona za Hada kuelekea Makka na masikio yanaziba. Hapo meza imekwisha.

Upande wa magharibi miamba ni ya kale sana, mawe magumu ya itale, na juu yake kuna maeneo makubwa ya mawe meusi ya volkano ambayo Waarabu wanayaita harra. Upande wa mashariki ni mawe ya chokaa yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Katika hayo umesimama ukuta unaoitwa Jabal Tuwaiq, wenye urefu wa kilomita 800 hivi, umejipinda kama upinde kutoka kaskazini hadi kusini. Ukitokea Riyadh huuoni kama mlima, kwa sababu upande huo unapanda taratibu sana. Unaendesha tu, unaendesha, halafu barabara inaingia kwenye mkato wa mwamba na chini yako unaona bonde limefunguka. Uso wake wa magharibi ni genge tupu. Vijana wa hapa huenda Ijumaa sehemu moja ya genge hilo wanayoiita ukingo wa dunia, wanakaa kwenye jabali na birika la kahawa, miguu inaning'inia. Mimi nilikaa mita tatu nyuma, asanteni.

Chini ya Tuwaiq na pembeni yake ndiko watu walikokaa tangu zamani, kwa sababu ndiko maji yalikokusanyika. Wadi Hanifa unapita Riyadh, na kandokando yake ndiko ilikokuwa Diriyah, mji wa kwanza wa ukoo wa Saud, uliobomolewa na jeshi la Ibrahim Pasha wa Misri mwaka 1818. Kusini kuna Al-Aflaj, na wenye ndugu Oman watalitambua jina hilo mara moja: ni falaji, mifereji ile ile ya maji. Kaskazini kuna Qasim, nchi ya tende, na mbele zaidi Ha'il chini ya milima ya Aja na Salma.

Mipaka je? Hapa ndipo utamu ulipo. Ukiangalia picha za satelaiti utaona kwamba Najd imezungukwa na mchanga karibu pande tatu. Kaskazini ni Nafud Kubwa, mchanga mwekundu wenye upana wa zaidi ya kilomita 200. Kusini ni Rub' al-Khali, Robo Tupu, kiasi cha kilomita za mraba 650,000. Na mashariki kuna Dahna, ukanda mwembamba wa mchanga mwekundu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 unaoyaunganisha hayo majangwa mawili kama kamba iliyofungwa kwenye mizigo miwili. Magharibi ni milima na mawe meusi. Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa hapa Najd inaishia wapi, hatakutajia mji wala nguzo, atakutajia mchanga.

Lakini hata mchanga haukumaliza ubishi. Yaqut al-Hamawi, aliyeandika kamusi kubwa ya majina ya nchi na miji katika karne ya 13, anakusanya kauli kadhaa za waliomtangulia kuhusu mipaka ya Najd, na hazilingani. Sehemu ya mashariki, huku ninakoishi, wengine waliihesabu kuwa nchi nyingine kabisa inayoitwa Yamama. Wenye kwenda Hija wanajua kwamba watu wa Najd wana mahali pao pa kuhirimia, Qarn al-Manazil karibu na Taif. Pale ndipo msafiri wa Najd alipokuwa anakaribia kuiacha nchi yake ya juu. Nadhani ndiyo alama iliyodumu kuliko zote, na haikuwekwa na mpima ardhi.

Kuna jambo moja la ardhi hii ambalo nalipenda kuliko yote, na nitawaomba mlikumbuke kwa sababu nitalirudia. Ni bonde la Wadi al-Rumma. Linaanzia huko magharibi karibu na mawe meusi ya Madina, linakata Najd nzima kupitia Qasim kuelekea mashariki, halafu linafika kwenye mchanga wa Dahna na kupotea. Limekwisha? Hapana. Upande wa pili wa mchanga bonde linatokea tena, safari hii likiitwa Wadi al-Batin, na linaendelea mpaka karibu na Basra. Zamani za kale ulikuwa mto mmoja. Hali ya hewa ilipokauka upepo ukaleta mchanga na kuukata katikati. Mimi nimepita kote kuwili, Buraidah nikiwa na mzigo wa mabomba, na Hafar al-Batin nikiwa na vyakula, na kama sikuambiwa nisingejua kwamba ni bonde lile lile.

Sasa tuingie kwenye siasa, maana hapo ndipo Sultani wa Najd anapokuja.

Abdulaziz ibn Saud aliiteka Riyadh Januari 1902, akitokea uhamishoni Kuwait. Mwaka 1913 aliwatoa Waturuki Al-Hasa, akapata pwani ya Ghuba. Mwaka 1921 aliichukua Ha'il, na mwaka huo huo akaitwa Sultani wa Najd na milki zake. Hayo maneno "na milki zake" yazingatieni. Tangu hapo kulikuwa na Najd mbili: moja ya ardhi, ile meza iliyoinama, na nyingine ya utawala, iliyokuwa inafika baharini na inakua kila mwaka. Jirani zake wa kaskazini, Iraki na Transjordan, walikuwa chini ya Waingereza, na Kuwait ilikuwa chini ya ulinzi wao. Waingereza wakataka kujua mtu huyu anaishia wapi.

Ugumu ulikuwa kwamba kati ya Najd na Iraki hakukuwa na kitu cha kuishia. Ukivuka Dahna kuelekea kaskazini mashariki unakuta nchi ya mawe inayoitwa Summan, halafu tambarare ya changarawe ya Dibdiba, na hapo hakuna mtaalamu wa ardhi atakayekwambia bado uko Najd. Ila Mabedui wa Najd walikuwa wanafika huko kila mwaka. Mvua za kipupwe zikinyesha, Mutair na Shammar wanahamisha ngamia kwenda kwenye majani, na kiangazi wanarudi kwenye visima. Kila kisima kilijulikana ni cha nani. Ndiyo ramani waliyokuwa nayo, na Abdulaziz akawaambia Waingereza hivyo hivyo: mpaka wangu ni makabila yangu, walipo wao ndipo nilipo mimi. Mwezi Mei 1922 huko Muhammara walijaribu kugawana makabila kwanza, hili la Iraki, hili la Najd. Abdulaziz alikataa kuukubali mkataba ule.

Basi mwishoni mwa Novemba 1922 wakakutana Uqair, bandari ndogo kwenye pwani ya Al-Hasa, kwenye mahema. Upande wa Waingereza alikuwa Sir Percy Cox, Kamishna Mkuu wao Iraki. Iraki ilituma waziri wake, Sabih Beg. Kuwait, angalieni hili, haikuwakilishwa na Mkuwaiti, iliwakilishwa na ofisa wa Kiingereza, Meja More. Tunayajua mengi ya mkutano huo kwa sababu Harold Dickson alikuwepo, na baadaye aliyaandika kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1956. Ni simulizi ya mtu mmoja, tuichukue hivyo.

Kwa maelezo yake siku zilipita bila mwafaka. Iraki ilidai ardhi kufika karibu kabisa na Riyadh, na Abdulaziz alidai kufika Mto Frati. Wote wawili wakijua ni maneno ya sokoni. Mwishowe Cox alimchukua Abdulaziz pembeni na kumkaripia kama mwalimu anavyomkaripia mtoto wa shule, mpaka yule bwana mkubwa, mtu wa miraba minne aliyekuwa na makovu ya vita, akakaribia kulia. Halafu Cox akachukua penseli nyekundu na kuchora mstari kwenye ramani. Itifaki ilitiwa saini tarehe 2 Desemba 1922.

Iraki ilipewa sehemu kubwa ya nchi ambayo Abdulaziz aliiona ni yake. Ili kumpoza, Cox alikata upande wa Kuwait: mkataba wa Waingereza na Waturuki wa mwaka 1913, ambao haukuwahi kuidhinishwa, ulikuwa umeihesabia Kuwait eneo kubwa zaidi, na sasa ikapoteza karibu theluthi mbili ya eneo hilo. Mwenye nchi, Sheikh Ahmad, aliambiwa baada ya mambo kwisha. Na pale ambapo malisho yalichanganyika mno, Cox alichora maeneo mawili yasiyo ya upande wowote. Moja kati ya Najd na Kuwait, na jingine, lenye umbo la kashata, kati ya Najd na Iraki, kiasi cha kilomita za mraba 7,000. Humo Bedui yeyote angeweza kunywesha ngamia wake.

Nanyi mnasema moyoni, mbona tunaijua hadithi hii. Ndiyo, tunaijua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, wakaupinda kwenye Kilimanjaro, na Mmasai akajikuta ana serikali mbili. Tofauti ni kwamba huku Uqair mmoja wa wenyeji alikuwa amekaa ndani ya hema, na bado penseli haikuwa mkononi mwake.

Ukiniuliza mimi, kosa la mstari ule halikuwa kwamba ulipita vibaya. Mchoraji yeyote angepita vibaya, kwa sababu alikuwa anatafuta ukingo mahali pasipo na ukingo. Kosa lilikuwa katika neno moja. Kifungu cha tatu cha Itifaki kilisema serikali hizo mbili hazitatumia visima vilivyo jirani na mpaka kwa mambo ya kijeshi, kama kujenga ngome. Jirani ni kiasi gani? Kwa mtu wa ofisini Baghdad, jirani ni kilomita tano, kumi. Kwa mtu wa ngamia, jirani ni umbali anaoweza kwenda mnyama kabla kiu haijamwua. Mwaka 1927 Iraki ilianza kujenga kituo cha polisi kwenye visima vya Busayya. Wao walisema pale ni mbali sana na mpaka, zaidi ya kilomita 100. Mutair walisema pale ni mlangoni kwao, na kisima chenye polisi si kisima tena. Mwezi Novemba mwaka huo kikosi chao kilivamia usiku, kikawaua polisi na mafundi waliokuwa wanajenga.

Hao walikuwa Ikhwan, Mabedui waliokuwa wamekusanywa kwenye makazi ya kilimo na dini, ndio waliompigania Abdulaziz hadi Makka mwaka 1924. Kwao mstari wa Uqair haukuwa na maana yoyote. Waingereza wakajibu kwa ndege, wakawafuata jangwani na mabomu, na waliokufa hawakuwa wapiganaji peke yao. Abdulaziz akabanwa: akiwaachia, anagombana na Uingereza, akiwazuia, anagombana na watu waliompa ufalme. Alichagua mstari. Machi 1929 huko Sabilla aliwapiga Ikhwan wake mwenyewe. Faisal al-Duwaish, kiongozi wa Mutair, alijeruhiwa, akaasi tena, mwishowe akakimbilia Kuwait na kujisalimisha kwa Waingereza Januari 1930. Wakamrudisha. Alifia gerezani Riyadh mwaka 1931.

Hafar al-Batin kuna mzee tunapopakua mizigo ambaye hupenda kunikalisha kwa kahawa. Yeye ni Mutairi. Anasema ana binamu upande wa Kuwait, na babu yake hakuwahi kusema "naenda Kuwait", alisema naenda kwenye majani. Siku hizi mzee akienda harusini anabeba kitambulisho na anapanga foleni ya forodha. Hana uchungu, ana gari zuri. Mwenye tabu ni yule ambaye ukoo wake ulikuwa bado unahama wakati Kuwait inaandikisha raia kwa sheria yake ya mwaka 1959 na hakujiandikisha. Wajukuu wa watu wa namna hiyo wapo Kuwait mpaka leo, wanaitwa bidun, yaani "bila". Mimi mwenye iqama mfukoni nina nchi ya kurudi. Wao hawana.

Na yale maeneo mawili ya kati? La Kuwait lilikutwa na mafuta, kisima cha Wafra kikatoa mwaka 1953, na baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za majani. Waligawana kwa mkataba wa mwaka 1965, ingawa mafuta wanachangia. La Iraki lilikaa tupu mpaka walipokubaliana kuligawa, mwaka 1975 na tena 1981. Kashata imekatwa, kwenye ramani mpya huioni.

Jina la Najd lenyewe lilitoka kwenye ramani tarehe 23 Septemba 1932, ufalme wa Hijazi na Najd ulipobadilishwa kuitwa Saudi Arabia. Leo nchi ina mikoa 13 na hakuna hata mmoja unaoitwa Najd. Meza ile imegawanywa hasa kati ya mikoa ya Riyadh, Qasim na Ha'il, na mkoa wa Riyadh unavuka mchanga wa Dahna bila hata kuuliza. Ila watu hawajaliacha jina. Utasikia kahawa ya Kinajdi, ngoma ya Kinajdi, milango ya Kinajdi ya mbao iliyochorwa pembe tatu. Mtu akiongea sekunde mbili tu, wenyeji wanajua kama ni wa Hijazi au Najdi.

Yule mto uliokatwa na mchanga mnaukumbuka? Sehemu yake ya chini, Wadi al-Batin, ndiyo mpaka wa Kuwait na Iraki upande wa magharibi, na Umoja wa Mataifa ulikwenda kuuwekea nguzo baada ya vita vya 1991. Maji yaliyochimba bonde hilo yalitoka kwenye mawe meusi karibu na Madina, yakapita mashamba ya tende ya Qasim.

Wiki ijayo nina safari ya Ha'il, nikipata picha nzuri za Aja nitawawekea. Mpwa wangu, kama mwalimu akiuliza, mwambie Najd ipo, ila haina nguzo. Salamu kwa bibi na wote pale nyumbani.